Maneno ya Winchi

Juni 3, Jumatatu

Mvua ya kwanza imeshuka mchana, na paa limevuja pale pale pa siku zote, juu ya meza ya kukatia, upande wa dirisha. Nimeweka beseni la bluu juu ya meza na kusogeza vitambaa vya watu. Huu ni mwaka wa saba naweka beseni. Zamani hatukuwa na haja ya beseni, tulihamisha meza. Lakini ile meza ni ya mbao nzito, inataka watu wawili, na mimi nimebaki mmoja.

Binti yangu amepiga simu. Wanakuja Julai 27, yeye na mtoto, kwa wiki mbili. Mjukuu wangu sasa ana miaka minane na anajua lugha moja tu, ya huko kwa baba yake, Kijapani. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa na minne. Nilimwita kwa kila jina tamu ninalolijua, akajificha nyuma ya sketi ya mama yake siku tisa mfululizo. Siku ya kumi wakaondoka. Sikusema naye hata neno moja akanielewa.

Safari hii nataka kuongea na mtoto huyu. Sina ombi lingine mwaka huu. Nina miaka sitini na mmoja, na wanasema samaki mkunje angali mbichi. Basi, mimi ni mkavu, lakini nimelitoa daftari la Mzee, marehemu mume wangu, sandukuni.

Juni 4

Daftari lina jalada la kijani na alama za vidole vya grisi karibu kila ukurasa. Mzee alikuwa fundi wa winchi. Miaka minne alifanya kazi na wahandisi wa Kijapani waliojenga lile daraja kubwa, na kila jioni alikuja nyumbani na kitenzi kipya, kama wanaume wengine wanavyokuja na mkate. Ukurasa mmoja, kitenzi kimoja, chini yake visanduku vya sura zake mbalimbali.

Nilikuwa napiga pasi kola za mashati, yeye yuko mwisho wa meza anasoma kwa sauti. Nikamwambia siku moja, "Hao wakimaliza daraja wanaondoka. Hayo maneno utaongea na nani?"

"Nitaongea na wewe," akasema.

Nikacheka, nikaendelea na kola zangu. Leo ningetoa cherehani yangu nzuri nipate jioni moja kama ile, na pasi ningeiacha ipoe.

Juni 7

Nimeanza kuona njia. Sisi kitenzi chetu hubeba mizigo mbele: nani, lini, nani tena, ndipo shina lije. Nitakuandikia. Wao shina ndilo linalotangulia, na mizigo yote inafungwa nyuma. Tena hawasemi ni nani. Taberu ni kula, lakini anayekula ni mimi, wewe, au jirani? Utajijua mwenyewe.

Kwa fundi nguo si jambo geni. Mwili wa shati ni ule ule, unabadilisha mkono tu. Tabe ndio mwili. Ukishona ru, anakula. Ukishona nai, hali. Ukishona masu, anakula mbele ya wageni.

Juni 9

Mvua. Beseni mara mbili. Suruali saba za shule.

Juni 12

Kundi la pili la vitenzi lina ujeuri. Hapa huwezi kukata mkono na kushona mwingine hivi hivi, kwa sababu mshono wenyewe unasogea. Kaku ni kuandika. Kakanai, haandiki. Kakimasu, anaandika kwa adabu. Kake, andika! Mzee ameandika pembeni: "Mwisho unapita a, i, u, e, o. Ni zile zile tulizoimba darasa la kwanza!" na alama ya mshangao imetoboa karatasi. Namwona kabisa alivyofurahi. Vitenzi viwili tu, kuja na kufanya, havifuati kundi lolote. Kwa hivyo ameandika: "Hawa ni kama shemeji zangu."

Hao shemeji zake ni kaka zangu. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Juni 16, Jumapili

Nimeharibu.

Binti yangu alipiga simu ya picha, nikamwambia, "Nipe mtoto." Nilikuwa nimejifunza maneno kumi kutoka kwa Mzee, nimeyanoa wiki nzima. Mtoto akatokea kwenye kioo, nywele zimekatwa usawa wa nyusi, anakula kitu kwenye bakuli. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikasema kwa sauti kubwa, kwani simu zao ziko mbali, "Tabero!" Kula! Akaacha kula. Akaweka kijiko chini, akataka kuondoka. Nikaogopa anakwenda, nikapiga kelele, "Mate!" Subiri! Midomo yake ikaanza kutetemeka, kisha nikaona dari la nyumba yao tu, na kilio.

Binti yangu akarudi kwenye simu. "Mama, nani kakufundisha kufoka?"

"Sijafoka. Nimemwambia ale."

"Umemwambia kama askari jela, Mama. Sasa anauliza kwa nini Bibi kamkasirikia."

Nilitaka kueleza kuwa ni daftari la baba yake, nikashindwa. Nilikata simu mimi, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtoto wangu.

Juni 18

Nimekwenda kwa yule muuza vipuri vya magari aliyeishi Japani miaka mitatu. Watu wanamwita Gia Nne kwa jinsi anavyoongea. Amenikalisha juu ya tairi, katikati ya radieta na milango ya gari, nikampa daftari.

Alisoma kurasa tatu, akaanza kucheka. Halafu akaniangalia usoni, akaacha.

"Mama, huyu mzee alijifunzia wapi?"

"Darajani. Kwenye winchi."

"Inaonekana. Agero, inua. Orose, shusha. Sagare, rudi nyuma. Mate, subiri, la sivyo utapondwa. Hii ni lugha ya msimamizi, na winchi iko juu ya vichwa vya watu. Hakuna muda wa kubembeleza pale."

"Kwa hiyo ni matusi?"

"Si matusi, Mama Fundi. Ni maneno ya watu walioshika kitu kizito pamoja. Ila mtoto aliyekaa na bakuli lake hajashika kitu na wewe."

Tumekubaliana. Atanifundisha Jumanne na Ijumaa, nami nitamtengenezea ovaroli zake, ambazo kwa kweli ni aibu.

Juni 19

Nimebana kurasa zote za winchi kwa pini, ishirini na mbili, zisifunguke tena. Samahani, Mzee. Sina nafasi ya kumliza mtoto mara ya pili.

Juni 25

Ukitaka kumwomba mtu kwa upole, kitenzi kinavaa te, kisha unaongeza kudasai, tafadhali. Matte kudasai, subiri tafadhali. Mwanzo ni ule ule wa mate iliyomliza. Lakini hiyo te, Mungu wangu, inageuka kila mlango inaoingia. Nimeshindwa kuishika kichwani, nikaishika kwa mikono. Nimechukua makopo matano ya vifungo, nikaandika vitenzi kwenye vipande vya karatasi. Vinavyoishia u, tsu na ru vya kundi jeuri, kopo la tte. Mu, bu, nu, kopo la nde. Ku, kopo la ite. Gu, ide. Su, shite. Asubuhi namwaga vyote mezani, navirudisha kimoja kimoja huku chai inapoa. Kuna kimoja, iku, kwenda, kinajifanya ni cha kopo la ite, kumbe nyumbani kwake ni tte. Kila nguo ina kifungo kimoja cha namna hiyo.

Gia Nne alipoyaona makopo alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema, "Mimi ilinichukua mwaka na makofi ya bosi."

Juni 28

Mtoto hataki kuja kwenye simu. Binti yangu anasema, "Ana kazi za shule." Sawa.

Julai 2

Mvua ya siku tatu. Haba na haba hujaza beseni.

Julai 5

Leo mtoto kapita nyuma ya mama yake kwenye kioo, nikaita kwa upole, "Matte kudasai." Alisimama sekunde moja, kisha akapita.

Julai 9

Leo nimemuuliza binti yangu swali ambalo nimelimeza miaka yote. Siku zote nimemwona mwenye makosa. Mtu anazaa, ana lugha mbili mdomoni, anampa mtoto moja na kuificha ile ya mama yake. Niliona anaona aibu nasi. Nikasema, "Mwanangu, kwa nini hukumfundisha mtoto kuongea kama sisi?"

Nikasikia akifunga mlango wa chumba kwanza.

"Nilimfundisha, Mama. Alipokuwa na mwaka mmoja alisema 'maji' na 'taa'. Ndipo Baba akafa, na mimi nilikuwa huku, sikuweza hata kuja kumzika. Baada ya hapo kila nikifungua mdomo kwa lugha yetu natoka na sauti ya Baba. Nilishindwa. Nikasema kesho nitaanza tena. Ikawa miaka saba."

Nilifikiri mimi ndiye mjane peke yangu katika nyumba hii, kumbe msiba ulikuwa na vitanda viwili. Nikamwambia, "Si kitu, mama yangu. Mimi ndiye ninayekuja upande wenu." Akacheka huku analia. Nami pia.

Julai 14

Ovaroli ya nne ya Gia Nne. Huyu mtu anaivaa nguo au anaipiga vita?

Julai 19

Usiku mzima mvua, asubuhi beseni limefurika na kulowesha kitambaa cha mteja. Ningepata mtu wa kushika upande wa pili wa meza! Zamani ilikuwa sherehe. Tone la kwanza likidondoka, Mzee anaruka: "Kikosi!" Mimi upande wa dirisha, yeye upande wa mlango. "Agero!" tunainua. "Orose!" tunashusha. Binti yetu alikuwa anapanda juu ya meza, yeye ndiye mzigo wa daraja, anapiga mayowe ya furaha. Mara nyingine tuliihamisha hata bila mvua.

Maneno yale niliyabana kwa pini mimi mwenyewe. Lakini ndivyo inavyotakiwa.

Julai 23

Somo la mwisho. Gia Nne ameniambia te ina kazi nyingine. Ukiifuatisha na imasu, jambo halijaisha, bado linaendelea. Matte kudasai ni kumwomba mtu asubiri. Matte imasu ni mimi mwenyewe ninayesubiri, nipo hapa, sijaondoka. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu.

"Umeiva, Mama," akasema, akiwa ndani ya ovaroli safi kama bwana harusi.

Julai 27, Jumamosi

Wamefika.

Nilivaa gauni la kijivu. Nilisimama mlangoni, nikasema yote niliyopanga, bila kosa hata moja: karibu ndani tafadhali, vua viatu tafadhali, kaa tafadhali, kunywa tafadhali. Mtoto aliinamisha kichwa, akavua viatu, akakaa, akanywa. Kila kitu alikifanya. Kisha akaenda kusimama nyuma ya mama yake.

Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, ni sahihi kabisa. Ila unaongea kama tangazo la kituo cha treni."

Mkamia maji hayanywi.

Julai 28

"Hai," anaitikia mtoto, yaani ndiyo, na kuinama.

Julai 29

"Hai."

Julai 31

Siku ya tano. Nimemwuliza kwa upole anataka nini, akajibu kwa upole kwamba hana shida. Tumekuwa kama karani na mteja. Mzee angekuwepo angemwita mchumba wake siku ya kwanza, mimi ningejifanya nina wivu, na mtoto angekwisha kuwa mgongoni kwa mmoja wetu. Mimi nina makopo matano ya vitenzi na simjui mtoto anacheka vipi. Hesabu yangu inaniambia nimebakiwa na siku kumi, na naanza kuogopa kwamba hata lugha haitoshi.

Agosti 2, Ijumaa

Naandika haraka nisisahau hata kitu kimoja.

Binti yangu alikwenda mjini saa nne kushughulikia karatasi zake, akaniachia mtoto. Yeye kwenye kiti cha dirishani na kitabu chake cha picha, mimi mezani na gauni la bibi harusi, satini nyeupe mita sita, nimelitandaza lote, limebaki kushonwa pindo tu. Kesho linavaliwa. Mbingu ilikuwa safi, beseni nimeliweka jikoni.

Mvua haikupiga hodi. Ilianguka kama gunia lililokatwa kamba, na paa halikutoa tone, lilitoa mchirizi, chubwi, pembeni kabisa mwa meza. Maji yalianza kutambaa kuelekea satini. Kulikunja siwezi, limejaa pini. Nilikimbilia upande wa mlango, nikashika meza, nikavuta. Haikusogea. Nikatazama ule upande mwingine, upande wangu wa zamani, na mtoto alikuwa amesimama pale pale, kitabu kimeanguka, macho yametoka.

Sikumbuki kufikiri. Adabu yote ya miezi miwili ilinitoka. Nilinguruma kutoka tumboni, kwa sauti ya Mzee:

"Agero!"

Mtoto akashika meza, akainua. Mikono kama vijiti, lakini akainua! Nikarudi nyuma, hatua moja, mbili, yeye ananifuata, mguu wa meza unakwaruza sakafu.

"Mate!" Akaganda. Nikapita kona ya cherehani.

"Orose!"

Tukaishusha. Maji yakawa yanamwagika sakafuni, mahali patupu. Gauni lilikuwa kavu.

Ndipo nikasikia nilichokisema. Mate, neno lile lile. Nikasimama na mkono mdomoni, nikingoja kilio, na moyo wangu ukawa tayari umekata tamaa.

Alinitazama. Akatazama dari, akatazama meza. Kisha akashika kiuno, akavimbisha kifua, na kwa sauti nzito ambayo sijui ilikuwa imejificha wapi katika mwili ule mdogo, akanipigia amri mimi, bibi yake:

"Agero!"

Nikainua. Ningefanya nini? Bosi kasema. "Sagare!" nikarudi nyuma. "Orose!" nikashusha. Alicheka, na sasa najua anacheka vipi. Anacheka kwa kukatika, na kikohozi mwishoni, kicheko cha babu yake mzima mzima. Tuliihamisha ile meza mara nne. Gauni la watu lilitembezwa kama maiti ya mfalme.

Binti yangu aliturudia katikati ya safari ya nne. Alisimama mlangoni, mwavuli unachuruzika, akasikia "Orose!" Akaketi kwenye kigoda bila kuvua koti.

"Baba," akasema. Akalia kama hajawahi kulia, na nafikiri kweli alikuwa hajamlilia baba yake hivyo. Mtoto akamwendea akiwa na hofu, akamwuliza kitu. Na binti yangu akamjibu kwa lugha yetu, polepole, huku anamwonyesha meza: "Hapa. Mimi nilikuwa nakaa hapa juu. Babu anainua. Bibi anainua."

Mtoto hakuelewa maneno, lakini alipanda mezani kuonyesha kwamba ameelewa. Nilimshusha upesi kabla hajafika kwenye satini.

Agosti 3

Bibi harusi kachukua gauni. Kasema halina hata kikunjo.

Agosti 4

Nimechomoa pini zote kwenye daftari la Mzee. Mtoto amelisoma kuanzia mwanzo, akisahihisha kwa penseli nyekundu. Babu yake amepata kumi na nne kwa ishirini. Kwenye ukurasa wa shemeji amechora wanaume wawili wenye mashavu makubwa, baada ya mama yake kumtafsiria.

Agosti 6

Sasa yeye ndiye mwanafunzi. Ninakula, unakula, anakula. Anaona ajabu kwamba mizigo yetu iko mbele. Anashika kichwa, anaugua, anasema kitu, mama yake anatafsiri: "Anasema mnajuaje mnakwenda wapi wakati mzigo umewafunika macho?" Nikamwambia ndiyo maana tunagongana sana.

Agosti 8

Hakuna mvua. Tumehamisha meza hata hivyo.

Agosti 10, Jumamosi

Wameondoka saa tatu asubuhi.

Sikupanga hotuba. Nilimfunga mtoto vifungo vya koti, vitano, kimoja si cha jozi yake, nimekishona kutoka kwenye kopo la tte. Binti yangu alinikumbatia, akasema kila jioni atampa mtoto maneno matatu ya kwetu, na hata kama atasikia sauti ya Baba, ataiacha iongee. Teksi ikaanza kuondoka. Nilipunga mkono, nikageuka haraka, maana sitaki waondoke na uso ule.

"Mate!"

Amri ile ya darajani, kutoka dirishani, kwa nguvu zote. Dereva hajui neno hata moja la Kijapani, lakini alikanyaga breki. Mtoto alikuwa ametoa kichwa na mkono nje, kidole kimenielekea mimi, uso umekunjwa kama msimamizi. Alikuwa ananiamuru nisubiri. Nisiende popote, nisithubutu kwenda alikokwenda Babu, mpaka arudi.

Nilisimama wima, kama kibarua mbele ya bosi wake.

"Matte imasu," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akafunga kioo.

Mvua imerudi adhuhuri. Inadondoka sakafuni, mahali meza ilipokuwa, na nimeweka beseni pale. Meza yenyewe sijairudisha. Inataka watu wawili, na mimi nimeambiwa nisubiri.